Indira wa Morogoro, Aliyekaa Katika Kweli

Alizaliwa Morogoro mjini mwezi wa Novemba mwaka 1968, mtoto wa kwanza wa Chandrakant, muuza vitambaa, katika nyumba ya ghorofa moja karibu na soko kuu, duka chini na familia juu. Babu yake alikuja kutoka Gujarat zama za Mwingereza, akafungua duka mahali ambapo akina mama wa Kiluguru waliteremka na ndizi na mboga, kisha wakapanda na kanga na chumvi. Kwa hiyo Indira alikua na Kigujarati jikoni, Kiswahili dukani, na Kiluguru kwenye ngazi za mbele, ambako wanawake wa mlimani walipumzisha miguu kabla ya safari ya kurudi. Alipokuwa na miaka saba, mama yake alifariki akimzaa Sunil. Tangu hapo watu wa mtaa walizoea kumwona binti yule wa Kihindi amembeba mdogo wake mgongoni kwa kanga, kama walivyobeba wao. Sunil alipoanza kusema, neno lake la kwanza halikuwa baba. Lilikuwa jina la dada yake.

Aliyemfundisha yoga ni bibi yake mzaa baba, mjane mwembamba aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaketi juu ya mkeka wake akiutazama mlima. Mtoto alipenda mikao. Alikuwa na mwili laini kama utomvu. Aliweza kuupinda mgongo mpaka kisogo kikagusa visigino, na kusimama kwa mikono huku miguu ikiwa imekunjwa hewani. Bibi yake hakumsifia sana. Alimwambia kwamba wahenga wao waliipanga yoga kama ngazi, na kwamba mikao si kipandio cha kwanza. Kabla yake kuna kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutochukua kisicho chako, kutotamani cha mwenzio. Baada yake kuna pumzi, na utulivu wa akili, na mwisho ni nafsi kuungana na Yule ambaye ilitoka kwake. "Wewe umerukia katikati, mwanangu," bibi alisema. "Anayerukia katikati ya ngazi huanguka." Indira alicheka, kama wanavyocheka watoto wenye vipaji, akarudi kujipinda.

Akasomea ualimu, akafundisha shule ya msingi pale mjini, hakuolewa. Bibi yake alipofariki, alianzisha darasa la yoga katika ukumbi wa hekalu, na kufikia mwaka 2003 ukumbi ulikuwa unajaa kila Jumamosi. Walikuja wake wa wenye maduka, walikuja wahadhiri wa chuo kikuu, walikuja wageni waliopanda mlima kutazama ndege. Picha yake akiwa amesimama kwa kichwa ilitundikwa ukutani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitundika. Hatusemi haya kwa kumshusha. Baadaye aliyasema yeye, tena mbele ya wanafunzi wake: kwamba miaka ile alikuwa hodari wa kupinda kila kiungo isipokuwa shingo yake.

Mwezi wa Juni mwaka 2009, msimu wa karanga, alimsindikiza Sunil hadi Gairo. Sunil wakati huo alikuwa na mke, Vaishali, na watoto wawili, na biashara ya mafuta ya kula ambayo ilikuwa imemkaba koo. Wakarudi mchana na gari lao dogo la mizigo likiwa limesheheni magunia. Sunil alikuwa na haraka. Kabla ya kufika Dumila walikuta foleni ya magari yaliyokuwa yakienda polepole nyuma ya trela. Indira akamwambia asubiri, Sunil akatoka upande wa kulia akaanza kuyapita yote, na kwenye kona wakakutana uso kwa uso na lori lililokuwa linatoka Morogoro. Dereva wa lori, Mluguru aitwaye Hatibu, alikata usukani ili asiwagonge. Hakuwakwepa kabisa. Gari lao lilipigwa ubavuni likatupwa mtaroni, na lori likalala chali shambani. Utingo wake, kijana aitwaye Twalibu, alikufa palepale. Sunil alitoka na mikwaruzo. Indira alivunjika uti wa mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena hadi mwisho wa maisha yake.

Polisi walipofika, Hatibu alikuwa amezimia, na magari yaliyokuwa mbele yalikuwa yamekwisha kuondoka. Sunil aliulizwa, akasema lori ndilo lililohama upande wake. Labda alisema kwa hofu tu, bila kupanga. Lakini neno likishatoka hujenga nyumba, na Hatibu alipozinduka hospitalini alijikuta ni mtuhumiwa. Aliyeona kila kitu na ambaye hakuwa na kesi ya kujibu ni mmoja tu, na huyo alikuwa amelala wodini akitazama dari.

Hapo ndipo wito wake ulipoanza, ingawa haukuja na sauti wala nuru. Alipolala pale, mikao yote ilikuwa imemtoka, hata ule wa mtoto mdogo. Akasema moyoni kwamba yoga imekwisha. Kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya, akaanza kufuata pumzi yake, inaingia, inatoka, kama bibi alivyomfundisha zamani na yeye akaharakisha. Akili ilianza kutulia kama maji ya mtungi. Na kila yalipotulia, kilichoonekana chini ni lori lile, likiwa upande wake halali wa barabara. Aligeuza kichwa, akaomba dawa ya usingizi, akaanza upya, na lori lilikuwa palepale. Ndipo akaelewa maneno ya ngazi. Huwezi kutuliza akili iliyoficha jambo. Kusema kweli hakukuwekwa mwanzoni kuwa pambo. Bila hiyo, ya juu yote ni sarakasi.

Chandrakant alikuja kumwona, mzee wa miaka zaidi ya sabini, akaketi kando ya kitanda akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Alizungumza muda mrefu juu ya wajukuu, juu ya Vaishali aliyekuwa hali chakula, juu ya duka ambalo lingebaki bila mtu. Kisha akasema lililomleta.

"Sikuambii useme uongo, mwanangu. Sema tu ulikuwa umesinzia."

"Baba," Indira alijibu, "huo ndio uongo wenyewe."

Mzee alilia. Naye Indira alilia, maana hakuna aliyempenda Sunil kuliko yeye. Wapo wanaodhani watakatifu hufanya makubwa kwa sababu hawaumii. Muuguzi aliyekuwa zamu, Happiness, amesimulia kwamba wiki ile mgonjwa wake alikataa chakula, na kwamba mara mbili alimwomba amwite wakili ili aseme hakuona kitu, na mara mbili akamwita tena kumwambia asiende.

Alipelekwa mahakamani kwa kiti cha magurudumu. Hatibu alikuwa kizimbani, mkono wake umefungwa bandeji. Mwendesha mashtaka alimuuliza shahidi wake kama aliliona lori likihama. Indira aliangalia benchi la nyuma alikokaa ndugu yake, akasema kwa sauti ambayo waliokuwapo wanasema haikuwa kubwa wala haikutetemeka: "Sikusinzia. Lori lilikuwa upande wake. Sisi ndio tuliokuwa upande usio wetu. Aliyekuwa akiendesha ni ndugu yangu Sunil, niliyemlea mimi, na ninampenda." Hatibu akafunika uso kwa ule mkono mzima.

Hatibu aliachiwa. Sunil alishtakiwa, akahukumiwa miaka mitatu, akapelekwa gereza la kilimo la Kingolwira. Siku ya hukumu Vaishali, na mtoto mchanga begani, alimkabili wifi yake mlangoni. "Umesema kweli, dada. Sasa nenda ukaishi nayo." Hakumpigia kelele. Indira akaihama nyumba alimozaliwa, akapewa chumba nyuma ya hekalu. Wenye maduka waliacha kumsalimia. Walisema damu ni nzito kuliko maji, na yeye ameimwaga. Wanafunzi wa yoga walitawanyika pia, kwa sababu nyingine. Nani angejifunza mikao kwa mwalimu asiyeweza kukunja hata kidole cha mguu? Mtu mmoja tu ndiye aliyekuja kila siku, naye ni baba yake. Aliweka bakuli la dengu na chapati juu ya meza, akakaa kidogo bila kusema, akaondoka. Ilichukua karibu mwaka kabla hajasema, na alichosema siku hiyo ni kwamba chumvi imezidi.

Katika upweke ule aliona kwamba kusema kweli mahakamani kulikuwa nusu tu ya kipandio. Kulikuwa na mama wa marehemu. Alimtafuta Hatibu, naye Hatibu, ambaye hakujua amlipe vipi mwanamke huyu, akakusanya wanaume wanne wa kwao. Walipanda gari hadi Kinole, na kutoka pale wakambeba kwa machela ya mianzi, kama wabebavyo wagonjwa wao, wakipanda kati ya migomba na midalasini hadi kwenye nyumba ya Bi Mwanahawa, ambaye Twalibu alikuwa mwanawe wa pekee.

Bi Mwanahawa alikuwa akianika karafuu uani. Hakusimama.

"Wewe ndiye dada wa mtu aliyemuua mwanangu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutaka nini?"

"Sikuja kutaka. Nimekuja kukaa nawe, kama utaniruhusu."

Wakamweka chini kwenye jamvi, wakaondoka. Wanawake wawili wakakaa, mmoja akichambua karafuu, mwingine akiwa ameweka mikono mapajani. Jua lilikuwa limefika utosini Bi Mwanahawa aliposema tena. Aliuliza kama yule nduguye anajuta. Indira angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa jibu la upole, na nani angemlaumu? Alisema, "Sijui. Amekataa kuniona. Sitakudanganya." Bi Mwanahawa akamtazama kwa mara ya kwanza, akamwita jirani alete uji. Baadaye aliwaambia wenzake kwamba jibu lile ndilo lililomfungulia mlango. Angesema anajuta, angemrudisha na machela yake.

Alikaa kule hadi mavuno ya karafuu yalipokwisha. Bi Mwanahawa alikuwa na maradhi ya kubanwa kifua tangu msiba. Alishindwa kulala, akihisi kama amewekewa jiwe. Indira alimfundisha kufuata pumzi, taratibu, bila kuilazimisha. Mama yule, Mwislamu mcha Mungu, aliuliza kama huko si kuabudu miungu ya Kihindi. Indira akamjibu kwamba pumzi haina dini, Mwenyezi Mungu amempa kila mtu yake, na kama anataka neno la kuifuatisha basi achukue la kwake mwenyewe. Bi Mwanahawa akachukua tasbihi, akavuta uradi wake, pumzi kwa pumzi. Kifua kililegea. Wanawake wengine wakaanza kuja alasiri baada ya shamba, wakikaa wakiegemea ukuta, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kusimama kwa kichwa.

Aliporudi mjini, alianza kwenda Kingolwira kila Alhamisi. Sunil alikataa kutoka kumwona. Alhamisi iliyofuata akaenda tena, akakataliwa tena, na hivyo ndivyo ulivyopita mwaka mzima, masika na kiangazi. Ofisa wa magereza, Ignas, Mkatoliki wa Matombo, alimhurumia. Alimshauri apumzike hadi ndugu yake alegee. Indira alimwambia kwamba hakuja kumlegeza mtu. Maadamu amefika, amruhusu akae na wale wanaotaka. Akapewa banda la kuhifadhia majembe. Siku ya kwanza walikuja wafungwa sita, na mmoja wao, mtu wa maneno makali, alimuuliza kwa nini wajifunze kwa mwanamke asiyeweza hata kusimama.

"Sikuja kuwafundisha kusimama," alisema. "Nimekuja kuwafundisha kukaa bila kukimbia. Miguu yangu haikimbii tena, na bado nakimbia kila siku kichwani. Nanyi pia."

Yule mtu wa maneno makali alikaa. Banda likajaa polepole. Wafungwa waliambiwa kabla ya pumzi wajiulize kimoyomoyo ni jambo gani wamelisema sivyo lilivyokuwa. Ignas ameshuhudia kwamba katika kipindi hicho ugomvi wa mabwenini ulipungua, na watu watatu waliomba kuandika upya maelezo yao, wakijua yatawaongezea adhabu.

Mwaka 2011, Alhamisi moja ya mvua, Sunil aliingia akakaa nyuma karibu na mlango. Indira alimwona, akaendelea kufundisha. Wengine walipotoka yeye alibaki. Alikuwa amekonda, na nywele zimeanza mvi. Alisema, bila kumtazama, "Dada, kila nikifumba macho namwona yule kijana."

"Usifumbue," Indira alimwambia. "Mwangalie mpaka uweze kumwita kwa jina."

"Twalibu," Sunil alisema, na alipolitaja alianguka kifudifudi mbele ya kiti, akalia kilio ambacho Ignas, aliyekuwa nje, alidhani ni cha mtu aliyeumia. Indira hakuweza kuinama kumfikia. Alinyoosha mkono hewani juu yake, akauacha hapo.

Sunil alipomaliza kifungo hakwenda kwanza nyumbani. Alipanda mlima kwa miguu hadi kwa Bi Mwanahawa. Yule mama hakuitikia salamu yake. Alimwonyesha jembe na shamba la mihogo lililomezwa na magugu. Sunil alilima msimu wote, akilala kwa Hatibu. Palizi ya pili ndipo mama alipoitikia shikamoo yake. Mpaka leo Sunil anampelekea chumvi na mafuta, na yeye humwita mwanangu, ingawa husema wazi kwamba wapo wana wa namna mbili na huyu si wa namna ya Twalibu. Vaishali alichukua muda mrefu zaidi. Alikuja siku moja hekaluni kumwosha wifi yake nywele, akaendelea kuja, na jambo lenyewe halikuzungumzwa kamwe.

Wanafunzi walirudi pia, wa aina nyingine. Asia, muuza mboga wa soko kuu ambaye mgongo ulimtesa, alikuwa wa kwanza. Mikao alifundishwa, maana Indira hakuidharau. Alisema mwili ni mnyama mwaminifu na anastahili kutunzwa. Lakini hakumfundisha mtu mkao wowote kabla hajarekebisha jambo moja. Alikuja mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye studio yake na jina kubwa, akitaka kunolewa. Indira alimuuliza kama kuna mtu asiyesalimiana naye. Alikuwepo, mdogo wake. Akamwambia aende akamsalimie kisha arudi. Yule mwanamke aliondoka amekasirika. Alirudi baada ya mwaka, na mdogo wake.

Kati ya mambo ya ajabu yanayokumbukwa, la mfereji lina mashahidi wengi. Mwaka 2016 mvua zilikataa, na juu ya Kinole koo mbili ziligombania mfereji wa maji hadi vijana wakatoka na mapanga. Indira alikuwa amepanda kumtembelea Bi Mwanahawa. Alimwomba Hatibu amweke katikati ya mfereji mkavu, yeye na kiti chake. Hatibu alikataa, Indira akamwambia basi atatambaa. Akawekwa. Vijana walifika pande zote mbili wakamkuta pale, amefumba macho, akipumua. Walimtisha, hakufumbua macho. Mmoja aliinua kiti kwa nyuma ili amtupe, akahisi uzito mwepesi wa mwili ule uliopooza miguu, akakishusha. Wengine wanasema hewa ilibadilika. Abeid, aliyekiinua kile kiti, anasema tu kwamba aliona aibu, na kwamba aibu ile ilimwokoa na kamba ya mnyongaji. Kabla ya magharibi wazee walikuwa wamegawana zamu za maji, na zamu zile zinafuatwa hadi sasa.

Vidonda vya kukaa, ambavyo ni adui wa wote wenye ugonjwa wake, vilimshinda mwezi wa Agosti mwaka 2023. Alikataa kupelekwa mbali. Asubuhi ya mwisho aliomba aketishwe ili aione milima, akauliza kama Alhamisi kuna mtu wa kwenda Kingolwira. Sunil alisema atakwenda yeye. Akasema, "Waambie kwanza wewe ni nani," akafumba macho akafuata pumzi yake hadi ilipokoma. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Watu wa mlimani waliteremka, kofia za Kiislamu na kanga zikajaa ua wa hekalu, na Bi Mwanahawa aliketi mbele pamoja na familia. Vaishali, aliyemwosha, anaeleza kwamba miguu ile iliyokauka kwa miaka kumi na minne ilikuwa na joto mikononi mwake, ikakunjika kwa urahisi katika mkao wa ua la yungiyungi. Wapo wanaotaka muujiza huu uandikwe wa kwanza. Hatumpingi Vaishali, alikuwapo, sisi hatukuwapo. Lakini marehemu mwenyewe angeuliza kwa nini tunashangaa miguu iliyokunjika tukasahau mdomo uliofunguka mahakamani. Ule wa miguu ulimgharimu nini? Ule wa mahakamani ulimgharimu nyumba, jina, na ndugu aliyembeba mgongoni.

Sunil alikwenda Alhamisi ile, na anaendelea kwenda. Pale hekaluni Asia anaongoza darasa la Jumamosi, na picha ya kusimama kwa kichwa haipo. Indira aliiondoa mwenyewe mwaka aliorudi kutoka Kinole. Wageni bado wanakuja na mikeka yao ya rangi, wengi wakitafuta kiuno chembamba na usingizi mzuri, na vyote viwili si vibaya. Wanapewa nafasi, wanaketishwa. Nasi tunaosoma maisha yake, wa dini yake na wa dini nyingine, tusidhani ametuacha na jambo gumu la viungo. Anayetaka kumuenzi asianze na miguu. Aanze na lile neno analolijua na hajalisema, aende kwa mwenyewe, alitamke. Kisha ndipo aje aketi, avute pumzi.